Jina Lililorukwa Jumamosi

Treni ya Tabora ikiingia Mpanda, mwenye akili hujibanza ukutani. Emelyne hakujibanza. Alikuwa amebeba begani bomba la alumini lenye urefu wa watu wawili, mzigo wa baba yake uliosafiri kutoka Dar es Salaam, na alipita nalo katikati ya abiria, magunia ya karanga, majogoo waliofungwa miguu na akina mama wa maandazi, akisema "samahani, samahani" kwa sauti ya mtu ambaye haombi radhi hata kidogo.

Nyuma yake kikombe kikavunjika.

"Yalaa! Chai yangu!"

Emelyne akageuka aone ni nani. Bomba nalo likageuka. Likadondosha kofia ya mlinzi, likamwaga ndoo nzima ya maandazi, likasimama kidole kimoja tu kutoka puani kwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, aliyevaa shati jeupe. Chai ilikuwa imemlowesha kuanzia kifuani hadi tumboni.

"Dada," kijana alisema taratibu, mikono juu, "nakuomba kwa jina la Mungu usigeuke tena."

Watu wakaangua kicheko. Emelyne akalishusha bomba, uso unamwaka kwa aibu.

"Hilo ni la nini? Unachimba kisima?"

"Ni nguzo ya antena."

"Ya kuangalia mpira?"

"Ya kuongea na watu."

"Kwani simu huna?"

"Ninayo. Kwenye simu naongea na ninaowajua tu."

Hapo hapo redio ndogo iliyoning'inia kiunoni mwake, juu ya gauni la kitenge cha kijani lenye mikono ya puto, ikakoroma: "Eko Mike, Eko Mike, hapa Alfa Novemba. Mzigo umefika salama?"

Kijana akaruka nyuma. "Mama wee! Kumbe wewe askari!"

"Mimi ni fundi cherehani. Huyo ni baba yangu. Akiniuliza nimemmwagia nani chai, nimtaje nani?"

"Mtaje Kija. Fundi simu, pale sokoni karibu na wauza kuku. Na mwambie nataka shati langu."

Shati alilipata. Emelyne alilishona kwa siku tatu bila kumpima, na lilipomkaa sawasawa mabegani Kija akamwuliza vipimo kavipata wapi. Emelyne akasema fundi mzuri hupima kwa macho. "Aaa, kumbe siku ile ulikuwa unanipima!" Kija alisema, na tangu hapo ukiona mmoja ujue mwingine yuko karibu.

Mzee Anicet, baba yake Emelyne, aliingia nchi hii kutoka Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia Katumba kwenye makazi ya wakimbizi, na akiwa darasa la tano alijiundia redio kwa makopo na nyaya za kuokota. Sasa alikuwa anaishi Makanyagio, na ndiye mwenyekiti wa klabu ya redio ya ridhaa: watu kumi na mmoja wenye leseni, kuanzia mjini na Mwamkulu hadi Mamba kule Mpimbwe, ambao hawauzi wala hawatangazi kitu. Wanaongea tu, kwa mitambo waliyoiunga wenyewe, kwa kupenda. Kundi la WhatsApp mzee alilikataa katakata. "Klabu ya redio yenye kundi la WhatsApp," alisema, "ni mkulima anayenunua mchicha dukani." Sauti zao zote zilipitia mtambo mmoja ulioko kilimani, na mtambo huo haukuwa na subira na wasemaji: ukishikilia kitufe cha maiki zaidi ya dakika tatu, unakukata wenyewe, tuuu.

Kila mwanachama alikuwa na jina la hewani, herufi mbili zinazotamkwa kama maneno. Emelyne alikuwa Eko Mike. Kija, aliyejiunga kwa sababu ambazo hazikumdanganya mtu yeyote, alifaulu mtihani akapewa Kilo Tango, na wauza kuku pale sokoni wakaacha kumwita fundi, wakawa wanamwita kilo ya matango.

Kazi ya Emelyne ilikuwa kuita majina kila Jumamosi saa kumi jioni. Kila jina mara tatu. Ukiwepo unajibu "nipo". Usipokuwepo unaitwa vivyo hivyo mara tatu, na hakuna ugomvi. Jina halirukwi. Linarukwa kwa sababu moja tu. Mzee Anicet hakutaka msiba utangazwe hewani, maana ndugu wa marehemu anaweza kuusikia redioni kabla hajaambiwa na mtu wa kumshika mkono. Kwa hiyo mwanachama akifa, mwitaji akifika kwenye jina lake hunyamaza kwa muda ule ule wa kuita mara tatu, kisha huendelea na linalofuata. Alipofariki Mzee Patrick wa Mwamkulu, Emelyne alinyamaza, na asubuhi yake klabu nzima ilikuwa msibani na mchele na sukari, wala hakuna aliyeuliza swali.

Jioni moja, cherehani ikiwa imeshafunikwa, simu ya Emelyne iliita.

"Hewani unaniita kama karani wa mahakama," Kija alilalamika. "'Kilo Tango, Kilo Tango.' Hata huruma huna."

"Baba anasikiliza. Evarist wa Mamba anasikiliza. Ulitaka nikuite nani?"

"Niite ulivyoniita jana."

"Jana nilikuita mjinga."

"Hiyo hiyo. Ulivyoitamka ilikuwa tamu."

Emelyne alicheka hadi akajiziba mdomo na kitambaa. Kisha akashusha sauti. "Kija, barua inakuja lini? Baba ameanza kuniuliza kwa kukohoa."

"Jumapili ya wiki ijayo, si hii. Jumamosi naenda Mwamkulu kuongea na baba mdogo Kashinje. Yeye ndiye mkubwa wetu tangu mzee aondoke, lazima aandike yeye."

"Atakubali? Mimi si Msukuma."

"Eme wangu, nikikupeleka wewe hata ng'ombe watakubali."

"Sijakuuliza ng'ombe."

Kija akakohoa. "Niachie," alisema mwishowe, na Emelyne akamwachia.

Jumamosi ikafika. Majina yakaitwa, Kija akajibu kwa redio aliyoifunga kwenye pikipiki yake: "Kilo Tango nipo, naingia Mwamkulu." Baadaye watu wakabaki hewani wakipiga soga. Mzee Anicet alikuwa kitini na kikombe cha uji. Emelyne alikuwa anapinda upindo wa gauni la zambarau, gauni la kupokelea barua, lenye kola ya lesi aliyoifuata hadi Tabora.

Ghafla soga ikakatika. Zikaja sauti nyingine, za watu wanaoongea bila kujua kwamba wanasikika: ndama analia, kuku, halafu mzee akikohoa.

"...mwaka mzima sasa kaka yako yuko kaburini," mzee alisema. "Nyanzala ni mjane, ana watoto watatu. Kwa mila zetu huyo ni wako. Ng'ombe za baba yako zilitoka kumwoa."

"Amekalia maiki ya pikipiki!" Mzee Anicet aliruka, uji ukamwagika. "Kilo Tango! Umekalia maiki, inuka hapo!"

Alisema bure. Redio inayotuma haisikii, na ya Kija ilikuwa inatuma. Emelyne alikuwa anajua kwamba Kija alifiwa na kaka. Kwamba kaka aliacha mke, na kwamba mke huyo anaitwa Nyanzala, hilo alikuwa analisikia leo.

"Nimesikia, baba mdogo." Hiyo ilikuwa sauti ya Kija.

"Kusikia na kukubali ni vitu viwili."

Ndama akalia tena. Emelyne akajikuta amesimama.

"Nimekubali," Kija alisema.

"Unamchukua Nyanzala?"

"Namchukua. Na watoto."

"Na huyo binti wa Warundi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

Tuuu. Dakika tatu zilikuwa zimekwisha, mtambo wa kilimani ukakata.

Sindano ilikuwa imemwingia Emelyne kidoleni na hakuwa na habari. Alikuwa anaitazama redio tu. Mzee Anicet alikaa polepole.

"Binti wa Warundi," alisema. "Zaidi ya miaka hamsini nimo humu. Kitambulisho ninacho, kura napiga. Bado ni wa Warundi." Kisha akamwona bintiye. "Mwana wanje, mwanangu, nisamehe. Hayo si ya leo."

"Baba, klabu nzima imesikia?"

"Imesikia."

"Mpaka Mamba?"

"Mpaka Mamba."

Kabla jua halijazama simu ikaita, na kilichomshtua Emelyne zaidi ni furaha iliyokuwa kwenye sauti ya Kija. "Haloo, mtoto mzuri! Nina jambo la kukwambia, lakini si la kwenye simu. Nakuja."

"Usije. Nimeshaambiwa."

"Na nani?"

"Na wewe! Umeniambia mimi, na baba, na Evarist, na Katavi nzima. Ulikalia maiki, Kija."

Emelyne alitamani Kija akane, atukane hata. Kija akasema, "Mmesikia mpaka wapi?"

Swali gani hilo! Mtu asiye na kosa anauliza mmesikia mpaka wapi?

"Mpaka umemchukua Nyanzala na watoto. Hongera sana."

"Eme, subiri, haikuishia pale..."

Emelyne akazima simu, akaitupa kwenye kapu la vipande vya vitambaa.

Kesho yake Kija alikuja mwenyewe. Mzee Anicet alimpokea mlangoni kwa neno moja: "Nenda." Emelyne alikuwa nyuma ya pazia, akamsikia Kija akisema, "Basi mzee, nitamleta anayejua." Yaani atamleta! Amlete huyo Nyanzala hapa, aje atoe macho! Emelyne alikaa chini akafumua gauni la zambarau, mshono mmoja baada ya mwingine, akaanzia kwenye kola.

Jumamosi iliyofuata Mzee Anicet hakuwepo. Alikuwa amekwenda Katumba kumwambia dada yake Ernestine, aliyekuwa anajiandaa kuja kupokea barua, kwamba hakuna barua. Emelyne akakaa peke yake mbele ya maiki. Macho yalikuwa yamemvimba, ila kazi ni kazi. Akaita Alfa Novemba, hakuna. Akaita wengine, wakajibu. Akateremka kwa kidole kwenye daftari hadi Kilo Tango.

Akafungua mdomo. Ulimi ukakataa. Alijaribu, haki ya Mungu alijaribu, lakini jina lilifika kooni likarudi. Akabaki anatazama ile karatasi huku sekunde zinapita, kisha akateremsha kidole.

"Lima Papa, Lima Papa, Lima Papa."

Lidia, mwenye jina hilo, alichelewa sana kujibu. "Nipo," alisema, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. Emelyne hakuijali. Alimaliza, akazima redio, akachomoa na waya wa betri asije akamsikia mtu, akaenda kulala na mto juu ya kichwa. Alichokifanya hakukiwaza hata kidogo.

Jumapili alikwenda kanisani kwa sababu kubaki nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Misa ilipokwisha, Lucia muuza kuku, yule wa meza ya jirani na Kija, akamrukia uwanjani akamkumbatia kwa nguvu.

"Pole, mwenzangu! Pole! Na mlikuwa hata hamjapatana, jamani!"

"Pole ya nini?"

"Si ya fundi wetu! Meza yake tumeifunika kitambaa cheusi."

"Lucia, unasema nini?"

"Kija amefariki! Kwani hujui? Turubai liko kwa mama yake, Misunkumilo. Watu wametoka hadi Mamba."

Emelyne alimsikia vizuri, kila neno, na bado akasubiri kama kwamba litakuja neno jingine la kulifuta lile. "Na nini? Amekufa na nini?"

"Wengine wanasema pikipiki." Lucia akafuta machozi. "Wengine wanasema moyo."

Hakujua alivyopanda bodaboda. Alijua tu kwamba dereva alikuwa anamwambia "dada, kiatu chako kimebaki kule," naye anasema "twende, twende, twende!"

Misunkumilo palikuwa pamejaa. Turubai la bluu, mikeka, sufuria kubwa jikoni, wanaume wamejitenga upande wao na kofia magotini. Evarist alikuwa pale, mnene, vumbi la safari hadi kwenye kope, amekalia gunia la mchele alilotoka nalo Mamba alfajiri. Katikati ya wanawake alikaa mama yake Kija, miguu ameinyoosha, anauliza swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu.

"Mwili uko wapi? Nionyesheni basi mwili wa mwanangu!"

Kila mtu alimtazama mwenzake. Kila mtu alidhani mwenzake ndiye anayejua.

Emelyne alianguka kabla hajafika kwenye mkeka.

"Kija wangu! Nilikusamehe Jumatano! Jumatano, Kija, nilikuwa naosha vyombo nikasema akipiga nitapokea! Simu nikaiacha imezimwa, kiburi tu, kiburi changu! Ungemwoa Nyanzala, ungewaoa kumi, lakini uwe hai! Uwe hai nikuone sokoni nikununie! Nitamnunia nani mimi sasa?"

Wanawake walilia upya. Mzee Anicet alikuwa ameshafika na Ernestine, amesimama na kofia mkononi. "Na mimi nilimfukuza mlangoni," alisema, wala hakumwambia mtu.

Hapo ndipo pikipiki ikakata kona.

Ilikuwa na watu watatu: dereva, mwanamke mdogo wa umbo aliyejifunga kaniki, na mtoto mgongoni kwake. Dereva aliona turubai uani kwa mama yake. Alifunga breki, mwanamke akashuka, halafu ile pikipiki akaiachia ikaanguka yenyewe.

"Mama! Mama yangu! Kwa nini hamkuniambia? Mama wee, umeniacha na nani?"

Akapita mbio katikati ya watu, machozi yamemfumba macho, akajitupa kwenye mkeka pale pale alipolala Emelyne. Wakalia bega kwa bega, huyu anamlilia yule, na yule anamlilia mama. Emelyne akaisikia ile sauti sikioni. Akageuza uso. Shati jeupe. Mshono wa begani ulikuwa wake.

Hakupiga kelele, pumzi hazikuwepo. Kelele walizipiga wengine. Mwanamke mmoja aliruka sufuria na watu wakaapa baadaye kwamba hakuigusa. Evarist alianguka kutoka kwenye gunia. Mama yake Kija alisimama, akaja, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili, akamkagua, kisha akamzaba kofi.

"Umetoka wapi?"

"Mama! Si umekufa?"

"Nani kakwambia nimekufa? Aliyekufa ni wewe!"

"Mimi?"

"Wewe!"

Kija akawatazama watu wote wale, akalitazama turubai. "Nani kasema mimi nimekufa?"

Evarist aliinuka akijikung'uta. "Umerukwa, ndugu yangu. Jana, kwenye majina. Mara tatu nzima, kimya. Tukakupigia simu, haipatikani. Tukampigia Eko Mike, haipatikani. Na Eko Mike hajawahi kukosea."

Macho yote yakamgeukia Emelyne. Ndipo akaliona tena daftari la jana, na kidole chake kinateremka, na Lidia akichelewa kujibu. Mungu wangu. Huu msiba ni yeye aliyeuita, mchele na turubai na yule mama akiomba mwili.

"Sikumruka," alisema, na sauti haikutoka vizuri. "Nilishindwa kumtaja. Jina lake lilinikwama. Mama, nisamehe. Nisameheni wote, nilishindwa tu."

Mama yake Kija alikaa chini akaanza kutikisika, na watu hawakujua kama analia au anacheka.

"Ndiye wewe?" Yule mwanamke wa kaniki alikuwa amesogea, anampembeza mtoto. "Mimi ndiye Nyanzala. Nilitaka nikuone macho kwa macho. Huyu sijaolewa naye wala sitaolewa naye. Nyie mlisikia dakika tatu. Mimi nilikuwa jikoni, nilisikia saa nzima."

Wanawake wakasogea karibu.

"Kashinje alikuwa anawahamisha ng'ombe wa watoto wangu Jumatatu, na watoto nao. Shemeji angesema hapana, wangeondoka. Akasema ndiyo, wakabaki. Halafu akanifuata jikoni analia: shemeji, nimemdanganya mzee, nifanyeje? Nikamwambia wewe umemaliza kazi yako, inayobaki ni yangu. Nimekwenda kwa wazee, nimekwenda ofisi ya kata, nikasema mbele ya Kashinje kwamba mimi si jembe la kurithiwa. Wiki nzima imekwenda kwa hayo, na kule malishoni simu wala redio hazishiki. Juzi wameandika: ng'ombe ni wa watoto. Basi."

"Loo!" Ernestine alisema, akasogeza mkeka akampa mgeni nafasi.

Emelyne alimgeukia Kija. "Miezi yote hiyo hukuniambia kwamba yupo. Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Ungeniuliza nitamjibu nini baba mdogo. Na nilikuwa sijui, Eme. Siku ile kwenye simu bado nilikuwa sijui. Jibu nilikuja kulijua pale pale, nimekalia ile maiki."

Hakujitetea zaidi, na Emelyne akaona jibu hilo ni la kweli, kwa sababu halikumsafisha.

Redio ya Mzee Anicet ikakoroma mfukoni. Watu wa Mwamkulu walikuwa wanauliza mazishi ni saa ngapi, maana wako njiani na mbuzi. Mzee akavaa kofia yake.

"Kwanza tumtoe marehemu hewani," alisema. "Aliyemruka ndiye atamwita." Akampa Emelyne redio.

Kija alikwenda kwenye pikipiki iliyolala, akainama akachukua maiki yake. Walikuwa hatua tano tu kutoka mmoja hadi mwingine, ila sheria ni sheria. Emelyne akabonyeza.

"Kilo Tango."

Kimya. Kija alikuwa na maiki mdomoni na hakusema kitu.

"Kilo Tango."

Kimya tena. Emelyne alimwona yupo, anapumua, na bado ule ukimya ulimtisha. "Mbona hujibu?" akamwuliza kwa mdomo, bila redio.

"Wiki nzima sijaitwa," Kija alisema. "Maliza."

"Kilo Tango," Emelyne alisema, na safari hii jina lilitoka lote, na machozi yake.

"Kilo Tango nipo. Nipo, Eko Mike. Nina barua mfukoni, na Jumapili yenyewe ndiyo leo. Baba mdogo amekataa kuandika, kaiandika shemeji yangu Nyanzala, mke wa marehemu kaka yangu. Baba yako yupo, shangazi yupo, turubai lipo. Unioe... yaani nikuoe. Nijibu hapo hapo ulipo, wasikie wote waliosikia lile lingine."

Barua ya posa iliyoandikwa na mwanamke! Wazee wakakohoa. Mzee Anicet akaipokea, imelowa jasho, akaisoma yote bila haraka, akaikunja. "Mwandiko mzuri," alisema. "Haijaandikwa humu binti wa Warundi. Imeandikwa Emelyne binti Anicet." Akamtikisia bintiye kichwa.

Emelyne alibonyeza kitufe, akasahau cha kusema. Akazitembea zile hatua tano, kiatu kimoja, akampiga Kija ngumi ya kifua, pale pale chai ilipomwagikia.

"Mjinga! Mjinga wewe! Nimegaagaa chini mbele za watu, nimekulilia na hujafa! Ndiyo! Naolewa, ndiyo, mjinga wewe!"

Kija akamkumbatia, redio na yote, na kidole cha Emelyne kikabaki juu ya kitufe. Evarist aliliona hilo, akanyoosha mkono akitoe. Mzee Anicet akamshika.

"Waache. Itakata yenyewe."

Kwa hiyo Mwamkulu walisikia, na Mamba walisikia: mtu analia, mtu anacheka, vigelegele vya mama wa marehemu aliye hai, mtoto wa Nyanzala anadai wali, na Ernestine anauliza kama mbuzi wale bado wanakuja. Dakika tatu zilipotimia mtambo wa kilimani ukakata, tuuu, na wale wawili hawakusikia.